Nani Ana Ruhusa ya Kututukana

Mtu anayekwenda Sumbawanga kwa mara ya kwanza huanza kuonywa akiwa bado Mbeya. Huambiwa asijibizane na mzee stendi, asimpunje mtu sokoni, asimtazame mke wa mtu, maana huko radi hutumwa kama barua na hupiga hata jua likiwa la utosi. Huulizwa amekata tiketi ya nini wakati wenyeji wana nyungo. Maneno haya yameenea Tanzania nzima. Mfipa, mwenyeji wa huko Sumbawanga, aliyesoma bweni Tabora, aliyepita JKT, aliyepanga chumba Mbagala, ameyasikia mpaka ameyazoea, na siku akionyesha kuchukia huambiwa neno moja la kumaliza shauri: ni utani tu.

Hilo “tu” ndilo lililonipandisha Ufipa. Utani ninaoufahamu mimi, ule wa wazee wetu, haukuwa kitu cha kuongezewa “tu”. Ulikuwa na masharti, ulikuwa na gharama, na ulikuwa na siku yake kubwa, nayo ni siku ya msiba. Nilitaka kuifuata njia ambayo desturi hii ilipita katika nchi ya kusini-magharibi, niione kwa macho, kisha niamue kama yale yanayosemwa juu ya Sumbawanga yanastahili kuitwa kwa jina hilo.

Kamusi za zamani za Kiswahili, ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya 1939, zinamweka mtani karibu na jamaa na rafiki wa kuzoeana. Kwanza ujamaa, ndipo mzaha. Watu wa leo tumeshika mkia tukaacha kichwa. Tunasema “ananitania” kwa maana ya kwamba anasema jambo asilolimaanisha, na hapo neno linaishia. Lakini muulize mzee yeyote wa Kizaramo juu ya Wanyamwezi na Wasukuma, hatakueleza vichekesho. Atakueleza nani alimzika baba yake.

Nieleze kidogo ilivyokuwa, kwa sababu vijana wengi hawajaiona. Mtani anaingia nyumbani kwako bila hodi. Akimwona jogoo aliyenona anamkamata na kuondoka naye, nawe huruhusiwi kununa. Anakuita mwizi, mchoyo, mla vya watu, mtoto wa mtumwa, mbele ya wakwe zako, nawe unatakiwa umjibu kwa ukali uleule huku mkicheka. Mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa. Watu watamshangaa yeye, hawatamshangaa aliyetukana. Halafu anakufa mtu kwako. Hapo mtani anakuja akiwa wa kwanza. Anasaidia kuosha, anachimba, anabeba. Wakati wanawake wanalia ndani, yeye amevaa koti la marehemu, ameweka fimbo yake kwapani, anatembea kwa kuchechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, anaiga sauti yake akidai madeni. Mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Kaburi likiwa tayari, mtani anashuka ndani yake, analala chali na kukataa kutoka. Anasema nyumba hii ni nzuri, ameipenda, marehemu atafutiwe nyingine. Hatoki mpaka apewe kitu: shilingi, kuku, kibuyu cha pombe. Ukoo unachangishana, unamlipa, anatoka akijipangusa udongo na kumtukana aliyetoa kidogo.

Mgeni asiyejua, padri kutoka Ulaya kwa mfano, angeshuhudia hayo na kusema ni kufuru. Maiti iko pale, na mtu anaifanyia mzaha. Lakini wafiwa wanajua kwamba mtu huyu anafanya kazi ambayo wao hawaiwezi. Ndugu hawezi kumcheka ndugu yake aliyekufa. Hawezi hata kula vizuri. Anahitajika mtu aliye karibu vya kutosha kuja, na aliye mbali vya kutosha kucheka.

Wazungu waliliona jambo hili na likawasumbua akili. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown, mmoja wa magwiji wa elimu ya jamii nchini Uingereza, aliandika makala kuhusu mizaha ya namna hii duniani, akisema kwa ufupi kwamba ni utovu wa heshima ulioruhusiwa, urafiki na uhasama vilivyofungwa kamba moja. Miaka hiyohiyo R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege pale Amani, Usambara, alianza kukusanya habari za utani wa Tanganyika: kabila lipi hutaniana na lipi, na kwa nini. Makala yake ya mwaka 1944 bado inasomwa. Nafurahi kwamba mtu wa ndege ndiye aliyeuliza swali hilo. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kiumbe fulani kinaruka kutoka wapi kwenda wapi, wala hakutaka kwanza kututolea hukumu. Baadaye, kati ya 1974 na 1976, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri majuzuu kadhaa kuhusu utani wa makabila ya Tanzania. Ni hazina ambayo wenye shahada wengi wa nchi hii hawajaigusa.

Majibu yaliyokusanywa yanarudi kwenye sababu mbili: vita na safari. Makabila yaliyopigana yakachoka yakawa watani. Makabila yaliyokutana njiani, mmoja akibeba mzigo na mwingine akiuza chakula, yakawa watani. Sababu zote mbili zilipita Ufipa.

Ukitoka Tunduma barabara inapanda polepole. Unaacha mpaka nyuma, unapita Laela, na hewa inakuwa ya baridi kavu. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari. Miti ni michache. Nchi imekaa wazi, imejaa mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na katika mashamba ya wazee bado utaona yale matuta ya mviringo, intumba, ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Magharibi nchi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, mashariki inaporomoka hadi Ziwa Rukwa. Anayetaka kutoka kaskazini kwenda kusini bila kuogelea na bila kupita kwenye bonde la joto na mbung’o lazima apite juu, kwa Wafipa. Nchi iliyokaa hivyo haikosi wapitaji.

Masimulizi ya Wafipa wenyewe yanaanza na mpitaji. Milansi palikuwa na mtawala. Akiwa ametoka kwenda kuwinda, wakaja wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwaki, na mke wa mtawala akawaachia kiti. Mwenye kiti aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Watwaki wakatawala, na baadaye nchi ikagawanyika ikawa Nkansi na Lyangalile, lakini Milansi haikufutwa. Ilibaki na heshima yake katika mambo ya mila. Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu yake, aliitafakari sana hadithi hii. Mimi naitaja kwa jambo moja. Mwenyeji na mgeni waligawana kazi: mmoja alipewa amri, mwingine akabaki na yale ambayo amri haiwezi kuyafanya. Watu waliokuwa na fikra hiyo wasingeshangaa kuambiwa kwamba mgeni ndiye anayefaa kukuchimbia kaburi.

Kisha wakaja wapitaji wa aina nyingine. Mnamo tarehe 20 Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, Zwangendaba na watu wake, Wangoni waliokimbia misukosuko ya kusini mwa Afrika, walivuka mto Zambezi. Walisonga kaskazini wakipigana, wakichukua ng’ombe na vijana, wakiwafanya mateka kuwa Wangoni, mpaka wakafika Ufipa. Katika miaka ya 1840, mahali panapoitwa Mapupo, Zwangendaba akafa, na jeshi likapasuka. Kundi la Watuta lilikwenda kaskazini kuelekea Ujiji na Unyamwezi. Wengine walizunguka kusini na mashariki mpaka wakafika nchi ambayo leo ni Songea. Mpezeni na watu wake waliishia upande wa Chipata, Zambia. M’mbelwa upande wa Mzimba, Malawi.

Sasa tazama kilichotokea huko walikokwenda. Wangoni wa Songea walipigana na Wahehe vita vikali kati ya 1878 na 1882, na hakuna aliyeweza kummaliza mwenzake. Leo Mhehe na Mngoni wakikutana ofisini Dodoma, kazi inasimama dakika tano kwanza wamalizane: huyu anamwita mwenzake mla mbwa, yule anamkumbusha nani alikimbia. Wangoni wa Mpezeni walipambana na Wabemba, na leo Mbemba na Mngoni wa Zambia ni watani wanaojulikana nchi nzima. Wanataniana kwenye misiba, kwenye mabasi, hata wanasiasa wao majukwaani. Ukichora ramani ya utani wa Wangoni utakuta mistari yake inatoka mahali pamoja, nyanda za Ufipa, pale jeshi lilipompoteza mzee wake likashindwa kukaa chini ya mtu mmoja. Sijaona kibao wala mnara unaosema hivyo. Kwa maoni yangu ungestahili kuwepo.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Vita vilivyokwisha kwa mmoja kumsaga mwingine havikuacha utani. Anayekumbuka kuchinjwa hana la kucheka na mchinjaji. Utani ulikuja pale pande zote mbili zilipoumia, zikaona hasara, na zikahitaji namna ya kuonana bila mikuki. Basi ukatafutwa mkuki wa maneno. Unarushwa kwa nguvu zote, unalenga palepale penye kovu, na sharti ni kwamba asiwepo wa kutoka damu. Naliona jambo hili kuwa moja ya kazi kubwa za akili zilizofanywa na watu wetu katika karne ile mbaya, na linaniuma tunapolifundisha shuleni, kama linafundishwa kabisa, katika mstari mmoja chini ya kichwa “mila na desturi”.

Sababu ya pili ni njia. Kufikia miaka ya 1860 misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikitoka Tabora ikielekea kusini-magharibi, Urungu, Itawa na kwa Kazembe. Ufipa ilikuwa ghala la njiani. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, alipokutana na mtawala Kapufi wa Nkansi, aliandika kwamba hajaona watu waliojitoa kwa kilimo kama hawa. Wapagazi wengi katika njia kuu ya kwenda pwani walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na si ajabu kwamba watani wao wamejipanga njia nzima kama vituo: Wagogo, kisha watu wa mabonde ya mashariki, mpaka Wazaramo wa pwani. Mpagazi alibeba frasila mbili mabegani, alilala porini, alikula alichouziwa. Akiugua ndui au kuharisha damu, msafara ulimwacha chini ya mti.

Nani alimzika mpagazi? Swali hilo ndilo linalofungua mlango wote, naona. Mtu amefia miezi mitatu mbali na kwao. Hana kaka wa kushika jembe, hana shangazi wa kumlilia. Wenyeji wanaogopa maiti ya mgeni, maana hawajui roho yake ina madai gani. Utani ulijibu swali hilo kabla halijaulizwa: ukifia kwetu, sisi ni watani zenu, tutakuzika, na wetu akifia kwenu, mtamzika. Kuku aliyekamatwa bila ruhusa na tusi lililotolewa bila hofu vilikuwa namna ya kulipa ada ya kila siku, ili mkataba usilale.

Kuna maiti moja iliyopita Ufipa katika miaka hiyo bila kuzikwa. David Livingstone alikuwa amepita kando ya ziwa mwaka 1872 akielekea kusini. Tarehe 1 Mei 1873 akafa kwa mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome, wakaanza kurudi. Walikatiza katika nyanda hizi, na kumbukumbu za safari zinataja Lambalamfipa, yaani Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkubwa unaoangalia Rukwa. Kabla ya kufika pwani iliwabidi waufiche mzigo wao ufanane na robota la nguo, kwa sababu kijiji chenye akili zake hakiruhusu maiti isiyo na mwenyewe kukatiza. Habari hii husimuliwa kama hadithi ya uaminifu kwa Mzungu. Mimi naisoma pia kama hadithi ya watu waliojua kwa undani kwamba mtu hatupwi. Walikuwa watu wa njia. Walikuwa wamewaona wengi wakitupwa.

Narudi Sumbawanga, kwa sababu bado sijajibu swali lililonileta.

Jina la mji ni amri. Kwa Kifipa, sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Wenyeji husimulia kwamba aliyetaka kuingia na kukaa hapa aliambiwa aache nje ya mji mambo yake ya giza. Yaani mji ambao Tanzania nzima inautania kwa uchawi ndio mji pekee ninaoujua ulioandika katazo la uchawi kwenye jina lake. Kila tangazo la mabasi, kila bahasha ya serikali, inarudia amri hiyo, na hakuna anayeisikia.

Si kwamba uchawi haukuhofiwa hapa. Ulihofiwa, kama ulivyohofiwa Usukuma, Upare na Pemba. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi kwa Tanganyika mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 vijana kutoka Nyasaland walipita vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini hadi kusini-magharibi mwa Tanganyika wakiwa na dawa iliyoitwa mchape. Huko kwa Wabemba waliwapanga wanakijiji mstari na kuwatazama kwenye kioo, na pembe za dawa zikarundikwa njia panda. Vuguvugu la namna hiyo lilirudi Ufipa kwa jina la kamchape mwaka 1963 na 1964, na Roy Willis alikuwepo akaliandikia makala iliyotoka mwaka 1968. Waliokuja na dawa walikuwa vijana. Walioonyeshwa kidole, kwa sehemu kubwa, walikuwa wazee.

Jaribu kuiona picha hiyo kwa karibu. Mzee wa miaka sitini amekaa kwenye kigoda mbele ya kijiji chake. Kijana aliyevaa suruali ya pasi, ambaye mzee hamjui hata kwa ukoo, anamwambia mbele ya wakwe na wajukuu: mchawi. Hakuna anayecheka. Hakuna jibu ambalo mzee anaruhusiwa kulitoa. Akikana ni mchawi mwongo, akinyamaza amekiri. Anakubali kuchanjwa na kulipa, au anaishi na neno hilo mpaka kufa.

Sasa chukua neno hilohilo, mji huohuo, jioni hiyohiyo. Mjukuu anaingia kwa babu yake na kumkuta anakula migebuka peke yake. “Shikamoo, mchawi. Unakula usiku ili tusikuone?” Babu anamjibu: “Marahaba, mume mwenzangu. Njoo ule, usije ukaniibia mke nikiwa na njaa.” Bibi huko jikoni anacheka, maana huyo mjukuu anamwita “mume wangu” tangu akiwa mchanga. Neno ni moja na ukali wake ni uleule, lakini mwenye kulisema ndiye atakayebeba jeneza la babu, na babu anajua. Huyo ana ruhusa.

Kwenye basi lililonipandisha kutoka Tunduma, baada ya Laela, utingo mmoja alianza kuwatania abiria. Akasema tumefika nchi ya wenyewe, kila mtu ashike kitovu chake, na wenye ungo wanaweza kushuka wamalizie kwa usafiri wao. Watu walicheka. Kiti cha mbele yangu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, amepakata mfuko wa mbegu. Akamuuliza taratibu, “Kijana, wewe ni mtu wa wapi?” Utingo akataja kwao. “Aha. Na kwenu kuna Mfipa aliyewahi kuja kwenye msiba?” Utingo akasema hakumbuki. “Na wewe, umewahi kuja kwetu kwenye msiba?” Hapana, mzee. “Basi wewe bado hujawa mtani wetu. Ukitaka kuwa, karibu. Nyumba yangu iko Chala, msiba hautakosa.” Alisema bila hasira. Utingo aliitikia “sawa, babu,” akaendelea kukusanya nauli, na hakurudia ile ya ungo.

Nimewasikia maprofesa wakieleza utani kwa saa nzima bila kufika pale alipofika mzee yule kwa maswali matatu.

Nchi yetu ilijengwa kwa sehemu kwa utani, na sisemi hivyo kwa kupamba. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilikuwa imejaa wageni wasio na ndugu, na J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliona kwamba mtani alikuwa mmoja wa watu ambao mgeni angeweza kuwaegemea. Baadaye shule za bweni, jeshi na uhamisho wa watumishi vilichanganya watu, na kila mahali utani ukawa daraja la kwanza. Tulicheka kabla hatujafahamiana. Hilo ni jema na bado tunalifaidi. Hata mpira umelihifadhi neno: Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 huitwa watani wa jadi, na wengi wa vijana wa leo wamelisikia neno “watani” uwanjani kabla ya kulisikia popote.

Lakini katika kuenea huko kitu kilidondoka njiani. Ruhusa ya kutukana ilibaki na kila mtu. Wajibu wa kuzika ukabaki na ndugu peke yao. Na mzaha usio na wajibu humwelemea aliye mbali na mnyonge. Mchaga huambiwa anapenda fedha, na maneno hayo hayamfungii duka. Mfipa huambiwa ni mchawi, katika nchi ambayo vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya neno hilo na macho mekundu ya moshi wa kuni. Mwalimu mgeni anaomba asipangiwe Rukwa. Daktari anaahirisha. Mama anamkataza binti yake kuolewa huko. Wakiulizwa, wote wana jibu lilelile: ni utani tu. Kwangu mimi huo ni uzushi uliovaa nguo za mtani, na nguo hizo zinapaswa kuvuliwa.

Nasema haya nikijua kwamba Wafipa wengi watanicheka, maana wao wenyewe ni mabingwa wa kuugeuza mzaha huu. Mfipa mjanja akiona foleni ndefu benki anasema kwa sauti kwamba ametoka Sumbawanga jana usiku, na njia inafunguka. Ni akili nzuri. Ila nimewauliza wazazi kadhaa kama wangependa watoto wao waitumie miaka mingine hamsini, na sikupata hata mmoja.

Siku za mwisho nilishuka bondeni. Barabara inapita milima ya Mbizi, kwenye msitu wenye mbega wekundu, kisha inajikunja na kuporomoka hadi Muze, ambako joto linakupokea. Huku wenyeji wanaishi na Wasukuma, ambao tangu miaka ya 1970 na 1980 wamekuwa wakishuka na mifugo yao kutafuta malisho ya Rukwa. Ugomvi ulikuwepo na bado upo: ng’ombe katika mahindi, maji, mipaka, mabaraza ya kijiji yanayoisha usiku. Hapa pana sababu zote mbili za zamani kwa pamoja, ugomvi na safari, na nilitaka kuona kama bado zinazaa kitu.

Nilikuta msiba wa Mfipa mmoja, mkulima. Makaburini walikuwepo vijana wa pande zote mbili, wameshika majembe kwa zamu. Mmoja wa Wasukuma alikuwa shimoni, kifua wazi, udongo umemfika mabegani. Shemeji wa marehemu alikuwa amesimama ukingoni na fimbo.

“Chimba sawasawa, mchunga ng’ombe wewe! Hilo si lambo la mifugo yako.”

“Nyamaza, mchawi. Mmemla wenyewe, sasa mnanisumbua mimi nimfukie. Lete pombe au nalala humuhumu.”

Akalala kweli. Wazee wakamrushia noti, akaipima kwenye jua, akaikataa, wakaongeza kuku. Nilimwuliza mzee aliyekuwa karibu nami kama hawa ni watani tangu zamani. Akasema hapana; mwaka ule ng’ombe wa baba yake kijana huyo walipomaliza ekari mbili za mahindi, nyumba hizi mbili zilipelekana mpaka kwa mtendaji wa kata, na kwa muda mrefu hawakusalimiana. Halafu yule baba akafa masika, njia zimejaa maji, ndugu zake wako Shinyanga na hawawezi kufika. “Tukaenda kuchimba sisi,” alisema. “Tulimtukana marehemu mchana kutwa, na huyu kijana hapa alitukimbiza na fimbo mpaka kwenye mpunga. Leo anadai ng’ombe mzima, lakini tumemwambia atapata kuku.”